Tiara, puto na kimondo: jinsi ya kutazama picha isiyotaka kusema ni nini

Mpwa wangu yuko darasa la tatu. Juzi alinikuta nimefungua picha kwenye simu, akaniegemea begani, akaitazama kwa sekunde zisizozidi tano, akatoa hukumu: "Mjomba, hii ni tiara. Na hilo ni puto." Halafu akaenda zake kucheza. Mimi nilikuwa nimeikodolea macho picha hiyo hiyo kwa nusu saa nzima, na nilikuwa sijapata hata neno moja la kusema.

Picha yenyewe ni ya Joan Miró, mchoraji Mkatalani aliyezaliwa Barcelona mwaka 1893. Aliichora mwaka 1925 kwenye shamba la wazazi wake huko Mont-roig, Hispania, majira ya joto yakielekea kuisha. Inaitwa "Kuzaliwa kwa Ulimwengu", na leo imo katika Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa jijini New York. Wanaoandika kuhusu sanaa huiweka kwenye kundi la Usurealisti, yaani sanaa inayofuata ndoto na fikra zisizochujwa na akili, tena upande wake dhahania, upande ambao hata ile saa ya mchoraji Salvador Dalí inayoyeyuka kama samli juani huwezi kuipata. Kwa Dalí angalau unajua ile ni saa. Kwa Miró huna hata hakika kama kitu ni kitu.

Niieleze kwa wasioiona. Turubai lina urefu wa mita 2.5 na upana wa mita 2, kwa hiyo haliwezi kupita kwenye mlango wa kawaida likiwa limesimama. Sehemu kubwa ni rangi iliyochujuka, kahawia na kijivu na kiasi cha samawati, iliyotiririka, ikadondoka, ikashika hapa na kukataa kushika pale. Ukitaka kuipata akilini, fikiria ukuta ambao mvua imeupiga miaka mitatu na mwenye nyumba hana habari. Juu ya ukungu huo kuna vitu vichache vya wazi kabisa: pembetatu nyeusi upande wa juu, duara jekundu lenye utepe wa njano, na chini kushoto umbo lenye kichwa cheupe cha mviringo. Kuna na mistari myembamba na madoa. Hakuna ardhi, wala mahali ambapo mbingu inakutana na chochote.

Mbele ya picha ya namna hii watu huwa na majibu mawili ya haraka, na yote mawili siyapendi. La kwanza ni "hata mtoto angeweza." La pili linajifanya la kistaarabu zaidi: "Sanaa dhahania kila mtu anaona anavyoona." La kwanza linaipuuza picha na la pili linaikimbia. Kama kila mtu anaona anavyoona, basi hakuna haja ya kutazama turubai la Miró, ukitazama dari lako la chumbani yatosha. Picha hii ina mipaka. Inaruhusu mambo mengi, ila si yote, na kazi ya kuitafsiri ni kujua mipaka hiyo iko wapi.

Pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni rangi ilivyoingia kwenye kitambaa. Maana ya picha isubiri kwanza.

Aliyewahi kupaka nyumba rangi anajua ukuta usiopigwa praima unavyofanya. Unapitisha brashi, ukuta unainywa rangi yote, unapitisha tena, unainywa tena, na ukikauka unabaki na mabaka. Wachoraji wa rangi za mafuta wana tatizo lilelile, ndiyo maana turubai hupakwa gundi na rangi ya msingi kwanza, sawasawa kila mahali, ili kitambaa kisinywe. Miró alifanya kinyume kwa makusudi. Aliupaka msingi bila usawa, hapa mzito, pale mwepesi. Halafu akamwaga rangi nyembamba, akaipaka, akairusha. Penye msingi mzito rangi ilikaa juu, penye msingi mwepesi ikazama ndani ya nyuzi. Mabaka yale hakuyachora yeye moja kwa moja. Alitayarisha mazingira, akaiachia rangi imalizie.

Kwa nini mtu anayejua kuchora vizuri kabisa (na Miró alijua, miaka mitatu tu kabla alikuwa amemaliza picha ya shamba hilohilo, jani kwa jani, kuku kwa kuku, ambayo ilinunuliwa na mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway) aamue kuiachia rangi ifanye itakavyo? Hapa ndipo tunapohitaji kwenda Paris.

Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha mwaka 1918. Kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari, André Breton, alikuwa ametumikia vita hiyo katika kituo cha wagonjwa wa akili huko Saint-Dizier, akiwasikiliza askari waliochanganyikiwa kwa mizinga. Huko alikutana na mbinu zilizotokana na Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyechunguza ndoto na akili iliyofichika: mwache mgonjwa aseme chochote kinachomjia, usimkatize, usimsahihishe. Breton hakuishia kuwa daktari. Alikuwa mshairi, na kilichomshika ni maneno yenyewe yalivyokuwa yakitoka bila akili kuyachuja. Kizazi chake kilikuwa na kinyongo na akili. Ni mataifa yenye akili na shule nzuri yaliyokuwa yamechinjana kwa miaka minne, kwa hesabu na ratiba ya treni. Oktoba 1924 akachapisha ilani yake, na humo akaueleza Usurealisti kuwa ni fikra kujieleza yenyewe kama ilivyo, bila usimamizi wa akili, bila kujali uzuri wala maadili.

Kwa mwandishi jambo hilo linawezekana. Unakaa, unashika kalamu, unaandika mbiombio bila kurudi nyuma. Kwa mchoraji ni balaa. Rangi ya mafuta inachukua siku kukauka, brashi lazima uichovye, uioshe, urudi hatua mbili utazame. Katika muda huo wote akili imeshaamka, imeshajipikia chai na kuanza kusahihisha. Pierre Naville, mmoja wa wenzake Breton, aliandika waziwazi mwaka 1925 kwamba hakuna kitu kinachoitwa uchoraji wa Kisurealisti. Breton alimpinga, lakini swali halikuwa la kijinga.

Wachoraji wakajibu kwa mikono. André Masson, aliyepakana na Miró kwenye studio za mtaa wa Blomet jijini Paris, aliuacha wino ukimbie kwenye karatasi mpaka mkono uchoke, na mwaka 1926 akaanza kumwaga gundi juu ya turubai na kurushia mchanga: palipo na gundi mchanga unashika, pasipo na gundi unaanguka. Max Ernst aliweka karatasi juu ya mbao za sakafu na kuisugua kwa penseli, kama sisi tulivyokuwa tukiweka shilingi chini ya karatasi ya daftari mpaka sura ya rais ijitokeze. Miró akauharibu msingi wa turubai. Wote watatu walikuwa wakitafuta kitu kimoja, njia ya kumtoa mchoraji kwenye kiti cha dereva, japo kwa dakika chache.

Kwa hiyo mabaka ya "Kuzaliwa kwa Ulimwengu" usiyasome kama mawingu, au bahari, au moshi. Yanaweza kukukumbusha hivyo vyote, sawa. Lakini kwanza ni ushahidi wa jambo lililotokea, rangi imekutana na kitambaa na hakuna aliyeamua matokeo.

Ingeishia hapo, picha ingekuwa ajali nzuri tu. Haikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo inayonifurahisha zaidi, kwa sababu inaivunja hadithi ambayo Wasurealisti wenyewe walipenda kuisimulia.

Pembetatu, duara jekundu, kile kichwa cheupe: havikuja kwa bahati. Miró alikuwa amevipanga mapema katika michoro midogo ya majaribio. Yaani picha inayosifiwa kwa uhuru wake ilikuwa na ramani. Na yeye hakuficha. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba hatua ya kwanza ya kazi yake ni huru, haina fahamu, na ya pili imepigiwa hesabu kwa makini. Nilipolijua hilo mara ya kwanza nilihisi nimedanganywa kidogo, kama mtu aliyegundua kwamba mganga ana daftari la mahudhurio. Baadaye nikaona kwamba hapo ndipo ufunguo ulipo.

Rudi kwenye turubai. Sasa unaona picha mbili juu ya kitambaa kimoja. Ya chini haikupangwa: haina kingo, huwezi kuonyesha kidole mahali ukasema "hapa panaanza." Ya juu imepangwa: kingo kali, rangi kamili, nyeusi ni nyeusi na nyekundu ni nyekundu. Hazichanganyiki. Duara jekundu halina hata kivuli cha kulifanya lionekane limo ndani ya ule ukungu, limewekwa juu yake kama muhuri wa posta. Kusoma picha hii ni kusoma pale zinapokutana. Kwanza kulikuwa na kitu kisicho na umbo, kisha mtu akaja na alama. Ndiyo maana jina lake linakaa vizuri mno. Maandiko ya dini zetu nayo yanaanza na kitu kisicho na umbo, halafu amri, halafu vitu vinapata majina yake, na Miró, aliyelelewa katika nchi ya Kikatoliki, aliielezea picha hii baadaye kuwa ni kama simulizi ya uumbaji.

Lakini subiri kabla hujalikumbatia jina. Majina ya picha za Wasurealisti ni mtego. Hili hunasibishwa na marafiki zake washairi, Breton au Paul Éluard, wala si Miró mwenyewe. Kuna mfano mbaya zaidi. Mchoraji mwenzao, Yves Tanguy, ana picha ya mwaka 1927, uwanda mtupu wenye vivuli na vitu kama mifupa laini, inayoitwa "Mama, Baba Ameumia!" Mtu akisoma jina hilo huanza mara moja kumtafuta baba, damu, vita. Tanguy alikuja kusimulia kwamba alikaa mchana mzima na Breton wakifunua vitabu vya tiba ya akili, wakitafuta maneno ya wagonjwa yanayofaa kuwa majina ya picha. Jina lilibandikwa. Halikutoka ndani.

Je, jina litupwe? Hapana. Lichukuliwe kama maoni ya mtazamaji wa kwanza, mtu aliyekuwepo, mwenye jicho zuri, ila naye alikuwa anatazama tu kama sisi. Zoezi ninalopenda ni kulifunika jina kwa kidole, nitazame dakika kumi, kisha nilifunue nione limeongeza nini na limeniibia nini. "Kuzaliwa kwa Ulimwengu" linaongeza ukubwa. Linachoiba ni mzaha, kwa sababu ukiitazama picha bila jina, lile umbo la kichwa cheupe linachekesha.

Na hapa ndipo wengi hukimbilia kamusi ya alama: pembetatu ni mwanamke, duara ni jua, nyekundu ni damu, nyeusi ni kifo. Wanafanya kama vile vijitabu vya tafsiri ya ndoto vinavyouzwa mtaani. Umeota nyoka, tafuta herufi N, umepata adui. Wakiulizwa wanamtaja Freud. Kumbe Freud mwenyewe, japo alikubali kwamba alama fulani hurudiarudia, hakukubali kamusi peke yake. Kwake ndoto haitafsiriki vizuri bila mwotaji kueleza kila kipande kinamkumbusha nini. Nyoka wako si nyoka wangu. Breton alipomwandikia akitaka mchango wake kwenye mkusanyiko wa ndoto, mzee alimjibu kwamba mkusanyiko wa ndoto usio na maelezo ya waotaji haumwambii kitu. Na kuhusu Wasurealisti kwa jumla, mwaka 1938, baada ya Dalí kumtembelea London, alimwandikia rafiki yake mwandishi Stefan Zweig kwamba hadi siku hiyo alikuwa akiwaona kuwa wapumbavu kamili, au tuseme asilimia 95, kama spiriti.

Basi badala ya kamusi ya walimwengu wote tutafute kamusi ya Miró. Nayo ipo, kwa kuwa alikuwa akitengeneza alama zake hatua kwa hatua na picha za kati zimebaki. Mwaka 1921 hadi 1922 alichora shamba la Mont-roig kwa uhalisia wa kutisha. Mwaka 1923 hadi 1924 akachora tena nchi ileile katika picha ya mwindaji wa Kikatalani, na humo mambo yameanza kuyeyuka: kichwa cha mwindaji ni pembetatu, yenye sharubu na kiko, mti wa mkarobu umekuwa duara lenye jani moja tu na jicho, chini kuna samaki na herufi nne, SARD, ambazo wengine wanasema ni mwanzo wa neno dagaa na wengine wanasikia humo sardana, ngoma ya Wakatalani. Mwaka 1925 shamba limetoweka, mti umetoweka, ila pembetatu na duara zimebaki.

Ukijua safari hiyo, pembetatu nyeusi haianzi kwako kama umbo la hesabu. Inakuja na historia: ilishawahi kuwa kichwa cha mtu. Sisemi kwamba hapa nayo ni kichwa. Nasema kwamba anayeisoma kuwa ndege, au tiara, au mtu, yumo ndani ya uwanja ambao Miró mwenyewe aliulima. Anayesema ni piramidi za Misri yuko nje ya uwanja, na tunaweza kumwambia hivyo kwa adabu na kwa sababu.

Mwaka uleule wa 1925 Miró alichora picha nyingine ambayo mimi huitumia kila mara mtu anaponiambia kwamba hawa jamaa walikuwa wakificha maana. Turubai karibu tupu. Juu kushoto limeandikwa neno "Photo" kwa mwandiko mzuri wa darasani. Upande mwingine kuna doa moja la buluu, na chini yake maneno ya Kifaransa: hii ndiyo rangi ya ndoto zangu. Basi. Hajaficha kitu. Amekwambia hii ni fotografia, na amekuonyesha kilichopigwa. Kazi unayoachiwa wewe ni kukubali kwamba mtu anaweza kukupa taarifa kamili na bado usijue alichokiota.

Wasanii wa huku hawangeshangaa sana. Wachongaji wa Kimakonde jijini Dar es Salaam wana mtindo wanaouita mawingu: mpingo unachongwa ukafuatwa mkunjo wake mpaka unapata kitu ambacho si mtu wala mnyama, na mteja akiuliza "hii ni nini?" anajibiwa "mawingu," kisha anatajiwa bei. Hawakumwiga Miró, wala yeye hakuwaiga. Lakini jibu lile ni la kitaalamu kuliko linavyosikika, maana mawingu ni kitu halisi ambacho hakina sura moja.

Jambo moja dogo kuhusu simu, kwa sababu wengi wetu New York tutaiona kwenye ramani. Picha ya mita 2.5 ukiifinya kwenye kioo cha inchi sita, inabadilika tabia. Yale mabaka yanageuka kuwa "mandharinyuma," na alama za juu zinaonekana kubwa na muhimu. Ukisimama mbele ya turubai lenyewe inakuwa kinyume: ule ukungu unakuzidi kimo na alama zinaelea ndani yake kama vitu vilivyopotea. Anayetafsiri kutoka kwenye simu ajue anatafsiri nusu. Nami nimo humo.

Ilichukua muda mrefu hata wenye uwezo wa kusafiri kuiona. Mkusanyaji wa Kibelgiji, René Gaffé, aliinunua mapema, na kwa miaka mingi haikuonekana sana hadharani. Iliingia makumbusho ya New York mwaka 1972. Katikati hapo, mchoraji Mmarekani Jackson Pollock alikuwa ameshalaza maturubai yake sakafuni na kumwagia rangi, na Wamarekani walikuwa wameshazoea kuona matone. Kwa hiyo wengi walipoifikia picha ya mwaka 1925 waliiona kama jambo wanalolijua. Tafsiri nayo ina foleni yake. Unachokiona kwanza kinakuchagulia utakachokiona cha pili.

Jioni ile nilimwita mpwa wangu tena, nikamwonyesha picha kwa utulivu. Nikamwambia wataalamu nao wameitaja tiara, au ndege. Hakushtuka, alikuwa anajua. Nikamwambia kuhusu duara jekundu, kwamba wengine wanaliona kuwa kimondo, kile kinachoanguka usiku na mkia wa moto. Akalitazama, akatikisa kichwa.

"Ni puto. Hiyo ya njano ni kamba yake."

"Na huyu wa chini mwenye kichwa cheupe?"

Akasogeza simu karibu, akakikuza kile kichwa kwa vidole viwili, akarudi juu kwenye duara, akashuka tena.

"Ni la kwake," akasema. "Limemponyoka."

Nimesoma mengi kuhusu picha hii na sikumbuki kuliona hilo popote. Nimeitazama tena mara kadhaa tangu siku hiyo, jina nimelifunika kwa kidole gumba, na lile puto bado linapaa.